Basi la Bure Huanza Saa Tatu na Nusu

Ukisoma matangazo ya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Uingereza, kuna sharti ambalo ni nadra kulikosa: uwe na leseni ya udereva na gari lako mwenyewe. Cheti cha shule wanaweza kukusamehe, lafudhi yako wataizoea, lakini gari hapana. Ni kwa sababu mzee haletwi kwako, wewe ndiye unayemfuata kwake. Unafungua kisanduku cha funguo kilichopigiliwa ukutani, unaingia, unamwamsha, unamwogesha, unampa dawa na kifungua kinywa, unaandika ulichofanya, unafunga mlango na kukimbilia kwa mwingine. Nusu saa kwa huyu, robo tatu ya saa kwa yule, na katikati yao dakika chache za njiani, ambazo aliyepanga ratiba amezihesabu kwa mwendo wa gari. Simu yako inarekodi umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi. Ukichelewa kwa mzee wa kwanza, wote waliobaki wanachelewa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Leicester, katikati ya Uingereza, nimeishi muda wa kutosha kuwa na watoto wanaonisahihisha Kiingereza, na muda wote huo nimekuwa kwenye kazi hii ambayo Wabongo wenzangu huichanganya na nyingine zote na kuiita kubeba boksi. Vuli ya mwaka 2023 nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza ilikuwa usingizini. Mume wangu aliona mwili umekakamaa, akadhani ni jinamizi, akanisomea na kunilaza ubavu. Mara ya pili ilikuwa mchana kweupe, jikoni, mwiko mkononi. Nikazinduka nimezungukwa na watu wa gari la wagonjwa wakiniuliza leo ni siku gani, nami sijui.

Daktari wa ubongo alisikiliza maelezo ya mume wangu kuliko yangu, maana mwenye kuanguka ndiye asiyejua kilichotokea. Akatazama picha, akatazama mchoro wa umeme wa ubongo, akasema ni kifafa. Kisha, kabla hajaandika dawa, akaniuliza:

"Umekujaje leo?"

"Mume wangu kanileta."

"Vizuri. Ataendelea kukuleta."

Sheria yenyewe haina mzunguko. Mtu aliyeanguka mara moja tu, bila chanzo kinachojulikana, kwa kawaida hukaa miezi 6 bila kuendesha gari dogo. Akishathibitishwa kuwa na kifafa, anatakiwa atimize miezi 12 bila kuanguka, na miezi hiyo huhesabiwa tangu siku aliyoanguka mara ya mwisho. Ukianguka mwezi wa 11, unaanza upya. Dereva wa basi au lori ana kibarua kizito zaidi: miaka 10 bila kuanguka, na miaka yote hiyo bila kutumia dawa za kifafa. Kwa wengi wao, hiyo ni kuambiwa kwa adabu kwamba watafute kazi nyingine.

Lakini hakuna askari anayekuja kubisha hodi kuichukua kadi. Ni wewe mwenyewe unayetakiwa kuwaarifu DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea kule Wales. Usipowaarifu, faini inaweza kufika pauni 1,000, na ukipata ajali unaweza kushtakiwa na bima ikakukana. Daktari ana ruhusa ya kukuripoti akijua umekaidi na bado unaendesha, ila wajibu wa kwanza ni wako. Kadi iko kwenye pochi, gari liko mlangoni, wazee wanasubiri, na kwa macho ya mtu yeyote wewe ni mzima. Mama yangu nilipompigia simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hilo usimwambie mtu."

Simlaumu. Tulikokulia sisi, aliyeanguka huachwa pale alipo, hata akiangukia mafigani, kwa sababu watu wanaogopa povu lake. Basi niliseme hapa, kwa kuwa huenda gazeti hili likafika mikononi mwa anayehitaji: kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa kumshika mtu. Watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi nacho, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwetu vyanzo vingine vinajulikana vizuri: mtoto kuumia au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Changu hakikupatikana. Nilipewa vidonge vya asubuhi na jioni, na kwa kuwa hapa dawa za kifafa hutolewa bure kwa mwenye cheti maalumu, sikulipa hata peni.

Kwa walioko huku na yamewafika, kuna jambo dogo la karatasi ambalo nilielezwa na muuguzi. Kuirudisha leseni kwa hiari si sawa na kusubiri ifutwe. Ukijaza fomu na kuirudisha mwenyewe, siku ya kuomba tena, kama daktari wako anakuona umepona vya kutosha, kifungu cha 88 cha sheria ya barabarani ya mwaka 1988 kinaweza kukuruhusu kuanza kuendesha wakati maombi yako bado yanashughulikiwa. Wakikufutia wao, utasubiri mpaka kadi mpya itue mlangoni. Na maombi hayo unaruhusiwa kuyatuma wiki 8 kabla ya miezi yako kutimia. Niliirudisha mwenyewe, kwa posta.

Gari tulimwachia mume wangu, ambaye hufanya kazi ya usiku kwenye maghala ya Magna Park, karibu na Lutterworth. Yeye hurudi nyumbani saa moja na kitu asubuhi. Mimi saa moja kamili natakiwa niwe nimeshafungua mlango wa mzee wa kwanza. Ndoa nyingi za huku ziko hivyo, mnaonana mmoja akivua viatu na mwingine akivaa.

Nikaanza kutafuta misaada, na misaada ipo, tena imeandikwa vizuri. Wa kwanza ni kadi ya basi. Sheria inasema mtu ambaye akiomba leseni atanyimwa kwa sababu ya afya, isipokuwa kama tatizo lenyewe ni ulevi au dawa za kulevya, ana haki ya kupanda mabasi ya mitaani bure, na tangu 2008 kadi hiyo inafanya kazi England nzima. Niliipata bila shida yoyote. Kisha nikasoma masharti yake: siku za kazi, safari ya bure inaanza saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku. Halmashauri ikitaka inaweza kurefusha saa hizo kwa fedha zake, lakini sheria ya nchi nzima inaishia hapo.

Saa tatu na nusu mimi nimeshawaogesha watu, nimewavalisha, wamekunywa chai na wengine wamerudi kusinzia. Aliyeiweka saa ile alimfikiria mzee anayekwenda sokoni au kwa daktari, asimfikirie mtu anayekwenda kumwogesha mzee huyo ili aweze kwenda sokoni. Inadhaniwa kwamba mgonjwa, mlemavu au aliyekosa leseni ni mtu asiye na mahali pa kuwahi.

Kwa hiyo asubuhi nililipa. Bahati yangu ilikuwa kwamba tangu Januari 2023 serikali ilikuwa imeweka kikomo cha nauli, pauni 2 kwa safari moja ya basi popote England. Kikomo hicho kilidumu hadi mwisho wa 2024, kisha kikapanda kuwa pauni 3. Mchana kadi yangu ikaamka na kunipandisha bure, wakati ambao hata kutembea ningeweza.

Wa pili ni mpango wa serikali unaoitwa Access to Work, ulioanza mwaka 1994. Huu ni mpango mzuri ambao wahamiaji wengi hawajawahi kuusikia. Kama ugonjwa au ulemavu unakuzuia kufika kazini kwa njia ya kawaida, na mabasi hayakufai, serikali inaweza kulipia sehemu ya teksi: ile tofauti kati ya gharama yake na nauli ambayo ungelipa kawaida. Unatunza risiti, unalipa kwanza wewe, halafu unadai. Hapo penye "unalipa kwanza" ndipo mtu wa mshahara wa saa anapokwama, maana teksi ya asubuhi inaweza kumeza malipo ya mzee mzima na kuanza kumtafuna wa pili. Na bungeni kwao wamelalamika sana kuhusu muda ambao maombi hukaa foleni. Ushauri wangu ni uombe siku ile ile uliyorudisha leseni, kisha upange maisha yako kana kwamba hukuomba.

Kuna gharama nyingine isiyo na fomu. Ukiwa na gari, kampuni hukulipa fedha ya maili. Serikali huruhusu mwajiri alipe hadi peni 45 kwa maili bila kukatwa kodi, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka. Bila gari, hiyo imekwenda. Muda wa kutoka kwa mzee mmoja hadi mwingine unahesabika kazini unapopimwa mshahara wa chini wa kisheria, lakini njia ya kutoka kwako hadi kwa mzee wa kwanza ni yako peke yako. Katika gari hiyo ilikuwa dakika chache na redio. Kwa basi ikawa safari: kushuka kwa miguu kutoka Highfields hadi kituo cha Haymarket, kusubiri, kupanda, kushuka, kutembea tena.

Na mabasi ya alfajiri ni machache, ya Jumapili machache zaidi. Hilo nalo lina historia yake. Tarehe 26 Oktoba 1986 serikali ya Margaret Thatcher iliachia soko huria mabasi yote nje ya London. Tangu hapo kampuni hupita penye faida, na pasipo na faida halmashauri hulipia basi kama ina fedha, na fedha hazijakuwapo kwa miaka. Manchester na vitongoji vyake wameamua kuyarudisha mabasi mikononi mwa umma. Walianza Septemba 2023 na kumaliza Januari 2025. Sisi wa Leicester bado tunasoma ratiba kituoni na kuomba Mungu.

Mtu ataniuliza, kwa nini usipande baiskeli? Ya miguu au ya umeme yenye nguvu ya kawaida haihitaji leseni. Ni kweli, na wapo wenye kifafa wanaopanda. Mimi daktari alinitaka nisubiri, na nikitazama malori ya Melton Road nilimwelewa. Vile viskuta vya umeme vya kukodi vilivyo katika baadhi ya miji navyo usivitegemee: kuvipanda kunataka leseni, angalau ya mwanafunzi. Na cha kwako mwenyewe hakiruhusiwi kabisa kwenye barabara ya umma.

Lakini haya yote, nauli, teksi, mvua ya Novemba, yalikuwa ya pembeni. Shida hasa ilikuwa usingizi.

Kila nilipokwenda kliniki, muuguzi alikuwa na maswali mawili ambayo hakuyaruka: unakunywa dawa kwa wakati, na unalala vya kutosha? Kukosa usingizi ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa kwa watu wengi. Hebu tazama nilipokuwa nimesimama. Ili nirudishiwe leseni natakiwa nisianguke. Ili nisianguke natakiwa nilale. Ili nifike kazini bila leseni natakiwa niamke saa kumi alfajiri, baada ya kurudi jana yake saa nne usiku kutoka kulaza wazee. Njia yenyewe ya kwenda kazini ilikuwa ikinila kile ambacho kingenirudisha barabarani. Hakuna kijitabu chochote cha hospitali wala cha serikali nilichokiona kimeliunganisha jambo hili na jingine. Cha hospitali kinakwambia lala. Cha serikali kinakwambia kuna mabasi.

Nikaenda kwa mratibu wa ratiba na kalamu mkononi. Sikwenda kulia. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri afanye marekebisho ya kadiri kwa mfanyakazi mwenye ulemavu, na kifafa kwa kawaida kinahesabika humo. Lakini niliwahi kuambiwa na dada mmoja wa chama cha wafanyakazi kwamba ukimtajia mwajiri sheria kwanza, mazungumzo yanahamia kwa mwanasheria; mpelekee ratiba, halafu sheria iache mfukoni. Nikampelekea ratiba.

Eneo letu la kazi lilienea kutoka Belgrave, kupitia Rushey Mead na Thurmaston, hadi Syston, mji mdogo ulio maili tano hivi kutoka katikati ya Leicester. Dereva mmoja alikuwa akiruka kutoka ncha hii hadi ile, kwa sababu wazee walipangwa kwa mpangilio walivyoingia kwenye vitabu vya kampuni, si kwa mitaa. Nilichora. Belgrave ni mitaa myembamba ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, na wazee wetu kadhaa walikuwa wakikaa mahali ambapo ungeweza kwenda kwa miguu kutoka mlango hadi mlango kwa dakika chache, bila kutafuta pa kuegesha, jambo ambalo wenye magari wanalitafuta Belgrave kama sarafu iliyoanguka mchangani. Nipeni hawa, nikasema, na wa mbali wapewe wenye magari. Na mzee wa kwanza asiwe saa moja. Awe saa mbili kasoro, yule ambaye mwenyewe hulalamika kwamba tunamwamsha mapema.

Akaitazama karatasi kwa muda. Akasema, "Hii hata kama ungekuwa na leseni ingefaa."

Jambo la pili tulilokubaliana ni la wale wanaohitaji wahudumu wawili. Mzee asiyeweza kusimama hunyanyuliwa kwa mashine yenye mikanda, na kwa kawaida mhudumu mmoja haruhusiwi kuifanya kazi hiyo peke yake. Kwa hiyo kuna zamu za watu wawili wawili ambao hutembea pamoja siku nzima, na katika watu wawili gari moja linatosha. Nikapangwa na Mzimbabwe mmoja mcheshi, mwalimu wa hesabu kwao, aliyekuwa akinichukua pale Haymarket. Yeye leseni yake ya nyumbani aliibadilisha kuwa ya Uingereza kwa karatasi tu, bila mtihani, kwa sababu Zimbabwe imo kwenye orodha ya nchi zinazokubaliwa hivyo. Kenya haimo, Tanzania haimo. Kwa nini, sijapata wa kunieleza nikaridhika.

Zamu za miguu zilinipa kitu ambacho gari lilikuwa likininyima, nacho ni mazungumzo. Belgrave ni mtaa wa watu wetu kwa namna fulani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na Leicester ilijaa hofu kiasi kwamba halmashauri ya wakati ule ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku. Walikuja. Leo Diwali ikifika, Belgrave Road hufungwa kwa sherehe, mabasi huzungushwa kwingine, na mimi hupita katikati ya watu na mfuko wangu wa glovu. Muhogo wa kukaanga unaliwa mikahawani kama uko Barabara ya Kumi na Mbili kule kwetu Tanga.

Mmoja wa wazee wangu ni bibi wa Jinja. Mwaka ule wa 1972 alipokelewa kambini Tonfanau, kwenye pwani ya Wales, baridi ikipuliza kutoka baharini, kisha familia ikahamia hapa. Kiingereza chake amekiacha njiani kwa sababu ya umri. Kimebaki Kigujarati na Kiswahili cha dukani. Siku ya kwanza aliponiona naingia natiririka mvua, akanitazama kutoka kitandani.

"Wewe nakuja na mguu? Gari nakufa?"

"Gari zima, Bibi. Mgonjwa ni mimi."

"Basi hapana sikitika. Sisi yote nakwenda na mguu."

Akanihadithia, kipande leo na kipande wiki ijayo, jinsi alivyokuwa akitoka alfajiri na wanawake wenzake, sari chini ya makoti ya mitumba, hadi East Park Road kwenye kiwanda cha Imperial Typewriters kilichotengeneza mashine za kuchapa. Kiwanda hicho kiliingia katika historia mwaka 1974, wafanyakazi wa Kihindi, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, walipogoma kwa karibu miezi mitatu wakidai walipwe na kupandishwa kwa haki, na chama chao cha wafanyakazi hakikusimama nao. Mwaka uliofuata kilifungwa. Bibi anasema katika mgomo ule kitu kimoja hakikuwasumbua: hakuna aliyeweza kuwazuia wasifike langoni, maana hawakumtegemea mtu kwa usafiri. Sijui kama ni kweli kabisa. Lakini huisema kila mara, na kila mara hucheka.

Kisha ikaja Krismasi. Tarehe 25 Desemba England haina treni wala mabasi, isipokuwa mistari michache sana. Nchi nzima hukaa kimya mezani. Wazee, hata hivyo, wanaamka kama siku nyingine, wanahitaji dawa kama siku nyingine, na siku hiyo wengi wa wahudumu wenye watoto wadogo wameomba likizo. Sisi Waislamu ndio tunaobaki, na hatununi, malipo yake ni mazuri. Maghala nayo yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mume wangu alikuwa nyumbani. Alinizungusha asubuhi nzima, akilala kwenye kiti cha dereva kila nilipoingia ndani ya nyumba. Mzee mmoja alimwona dirishani, akanipa sahani ya bata wa kuoka na viazi nimpelekee "yule dereva wako". Asiye na mume wa namna hiyo, siku ile ana miguu yake au teksi ya bei ya sikukuu.

Mapema mwaka 2025 leseni yangu ilirudi. Siku ya kwanza nilizunguka Syston kwa uoga, mume wangu pembeni akijifanya anasoma simu. Dawa naendelea nazo, na vilevile ile ratiba: niliwaomba wasinirudishe saa moja asubuhi, wakakubali, maana ile karatasi yangu ya mitaa walikuwa wameshaitumia kuwapanga na wengine.

Zamu za miguu za Belgrave amepewa kijana wa Eldoret. Alikuja na ile viza ya wahudumu iliyofunguliwa Februari 2022, ambayo baadaye, Julai 2025, ilifungwa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Mgeni kama yeye huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya Kenya kwa miezi 12 tangu aanze kuishi huku. Mwezi wa 13 ile leseni, ambayo kwao aliendeshea matatu, haina kazi tena. Ni lazima afanye mtihani wa maandishi wa pauni 23, kisha wa barabarani wa pauni 62, na tarehe ya mtihani wa barabarani mtu husubiri kwa miezi. Kwake leseni ni viza pia. Kampuni ikikosa cha kumpangia na kumwacha, anaweza kupewa siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine wa kumdhamini au aondoke nchini. Mimi niliumwa, yeye hakuumwa; kalenda tu ilimfikia.

Tulikaa kwenye kibaraza cha maktaba ya Belgrave, mahali ambapo nilikuwa nikipitishia zile saa tupu za katikati ya zamu ya mchana na ya jioni, nikampa karatasi yangu ya mitaa. Nikamwonyesha ni uchochoro gani unamwokolea dakika na upi una mbwa. Nikamwambia bibi wa Jinja anataka chai ya iliki kabla ya dawa, si baada, na kwamba asimsahihishe Kiswahili. Akaandika yote.

"Na hiyo kadi ya basi ya bure, anti," akauliza, "naiomba wapi?"

"Hiyo ni ya aliyenyimwa leseni kwa ugonjwa. Yangu nimeshairudisha. Wewe ni mzima, lipa pauni 3."